Malkia Anjela na Paja la Kuku

Ijumaa, baada ya futari

Halafu wanasema mimi ndiye mkaidi!

Kigango cha Wakatoliki hapa Nyamisati kilikosa kijana mrefu mwenye sauti ya kifalme, wakaniazima mimi Muislamu kwenye igizo lao, niwe mume wa malkia mcha Mungu. Malkia ni Anjela, binti wa nesi. Nani angekataa?

Leo kwenye mazoezi malkia anafunga Kwaresima, mfalme amcheke huku akitafuna paja la kuku. Mwalimu wao kaleta kuku wa kweli!

"Kula, mfalme."

"Mwalimu, nina swaumu."

"Mfalme huyu hafungi, ni mlafi!"

"Basi tafuta mlafi."

Watu wakavunjika mbavu. Mwalimu kanivua taji, kamvika mdogo wake. Taji si kitu, lakini sasa huyo mdogo ndiye atakayeshikana mikono na Anjela.

Magharibi huyo Anjela mlangoni kwetu, na lile paja kwenye bakuli.

"Shikamoo, mama. Nimemletea mume wangu futari."

Mama kauliza moja tu: "Kachinja nani?"

"Baba yake huyu huyu, mama. Mwalimu alimpelekea kuku asubuhi."

Mimi, bingwa wa maneno, nikapokea bakuli.

Igizoni mumewe ni mwingine. Sasa hilo la "mume wangu" limetoka wapi? Na mama naye, mbona kamwambia, "Pita ndani, mwanangu"?