Profesa Aliyekula Pilau Yetu

Jumanne, 7 Oktoba

Nimerudi kutoka darasani, nimekula wali wa jana, nimekaa na insha. Sentensi moja tu mpaka sasa, na mbovu. Chuo kikuu cha Dallas ninachoomba kinataka nieleze profesa aliyenibadilisha. Mimi sijabadilishwa na mtu. Mwaka wa pili huu niko kwenye chuo kidogo cha hapa Houston, nasomewa slaidi na watu waliochoka, basi.

Nikikosa Dallas, nabaki hapa Katy, pembeni mwa Houston, kwa shangazi Mwanaidi na kuingia kwenye kazi yake ya kutunza wazee. Ameshanitafutia sare. Nilipoiona imening'inia mlangoni nilitamani kuichoma.

Jumatano, 8 Oktoba

Wagombea. Yule wa hesabu: hamjui mwanafunzi yeyote, huongea na ubao. Mama wa kemia: alinipa C huku anatabasamu. Huyo simwandiki hata kwa dawa. Amebaki wa sosholojia, ninayemwita Bwana Vitenge kwa ajili ya mashati yake. Alikaa Nairobi miezi miwili, akarudi bingwa wa Afrika nzima. Akiingia darasani husema "Jambo!" Mtu mzima na ndevu zake.

Lakini ananipenda. Kila akikutana nami ananiambia nina nguvu ya ajabu. Nguvu gani, sijauliza. Amekubali kuniandikia na barua ya kunipendekeza. Namdharau, ila anafaa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shangazi kasikia habari ya barua. Anasema mtu hakutendei wema ukamwacha hivi hivi, lazima aje ale. Nikamweleza kwamba huku mwalimu haalikwi nyumbani, itaonekana rushwa. Kasema pilau si rushwa. Nikamwalika huku naomba akatae. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Jumapili, 12 Oktoba

Alikuja na shati la kitenge na chupa ya mvinyo. Kwenye nyumba ya Waislamu. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akaificha chini ya sinki. Mpaka hapo nilikuwa nafurahia.

Akaketi, akasema, "Amina, kwenu kuzuri sana."

Mimi ni Zuhura. Amina ni msichana wa Kisomali anayekaa mstari wa mbele. Anavaa hijabu kama mimi. Kufanana kwetu kunaishia hapo.

Nikafungua mdomo. Shangazi akanitolea macho. Kwetu mgeni haaibishwi chakula kikiwa mezani. Akasema kwa Kiingereza, mgeni asikie, "Amina, mwongeze mwalimu kachumbari." Nikamwongeza. Wallahi nilimwongeza.

Kisha akaanza kusifia kazi niliyoandika muhula uliopita, juu ya utoto wangu kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi ni wa Tanga. Kambi niliyowahi kulala ni ya skauti. Akamgeukia shangazi, akamwambia lazima na yeye aliteseka sana. Shangazi akainamisha kichwa, akasema Mungu mkubwa. Bwana Vitenge akafuta machozi, akaongeza pilau.

Barua yangu itaandikwa wiki hii, na yote itakuwa kambi. Alipoondoka, shangazi akasema niache kama ilivyo, barua ya namna hiyo inafungua mlango wowote. Kwamba sikudanganya, nilinyamaza tu. Nilikwenda kulala.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda ofisini kwake. Jana nzima nilijiambia siendi. Nimemwambia mimi siye Amina, na kambi siijui. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akaomba radhi, akaomba tena. Halafu akauliza kwa upole kama daktari: basi wewe umepitia nini?

Nikamwambia nimesoma shule ya bweni, baba ana duka la vifaa vya ujenzi. Uso wake ukazima. Hana la kuandika. Amekaa na mimi darasani miezi yote hii na hana hata moja la kuandika. Ile C haikuniuma hivi. Nimemwambia barua aiache.

Nikapita kwa mama wa kemia, sina pengine pa kwenda. Amekubali. Kasema ataandika ukweli, na C ataitaja. Haya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Insha nimeituma. Jioni shangazi kauliza nimemwandika nani. Nikamwambia Bwana Vitenge yule yule, pamoja na pilau na machozi yake, na jinsi nilivyoitikia jina la mtu mwingine. Nikamwambia pia kwamba yeye, shangazi yangu, ndiye aliyeniumiza zaidi, kuniita Amina ndani ya nyumba yetu wenyewe. Nilisema kwa sauti. Nilitaka aumie.

Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Akasema kazini anaitwa Mary. Mzee wa kwanza aliyemtunza alishindwa kutamka Mwanaidi, binti wa mzee akasema basi tumwite Mary, na ofisi ikaandika hivyo hivyo kwenye kitambulisho. Mzee alishakufa zamani. Wote pale wanamwita Mary mpaka leo.

"Nilidhani unajua," akasema.

Sikujua. Nakaa naye, nakula kwake, kitambulisho anakivaa kila asubuhi, na sijawahi kukisoma.

Lilikuwa limebaki shuka kubwa. Nimeshika upande wa pili, tumekunja.