Nani Anaitumia Karakana?

Dada yangu mpendwa,

Nakuletea salamu tele kama maranda yaliyo chini ya randa yangu. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limeacha kukusumbua. Shemeji nampa pole kwa kikohozi. Mwambie aache kubishana na daktari, ubishi katika ukoo huu niachiwe mimi. Mimi ni mzima kama jiwe. Macho yangu bado yanaona msumari uliopinda nikiwa mlangoni, na hapa kazini hakuna kijana anayenishinda kuunga mguu wa kiti. Usidhani najisifu, nakupa habari tu.

Katika barua yako umenisema sana. Umesema uzee umefika, niache kazi, nije kwako nile na kulala. Nimeisoma polepole, herufi kwa herufi kama kawaida yangu, na nimekasirika mpaka jioni. Jibu langu ni kwamba siji. Sababu iko humu, ila uvumilie nianzie mbali.

Ujue kampuni yetu ni kubwa, jengo zima ni letu. Zamani kodi ya jengo, umeme, maji, walinzi na wafagiaji, vyote vililipwa kutoka mfuko mmoja na hakuna aliyejali. Idara ya mauzo walikuwa na chumba cha mikutano ambacho aliyekaa humo ni ua moja kavu. Wanasheria walikuwa na chumba kizima cha kuweka makoti. Basi mwaka huu likatoka agizo: kila idara ibebe gharama za jengo kulingana na sakafu inayoikalia. Ukikalia pakubwa, fungu lako kubwa.

Aliyetumwa kupima ni mhasibu mmoja, binti mdogo wa miwani, anatembea na tepu ya kupimia kama fundi. Alipofika kwangu karakanani nikamwambia aondoe tepu yake, mimi nilikuwa humu kabla mama yake hajaota meno. Akacheka, akaniita babu, akaniomba nimshikie ncha ya pili. Nikashika. Akanieleza kuwa ni kama nyumba ya wapangaji, mwenye vyumba viwili hawezi kulipa sawa na mwenye kimoja. Nikaona ana haki, lakini sikumwambia. Unanijua.

Dada, ungeona watu wazima walivyosinyaa! Mauzo wakarudisha chumba chao cha mikutano, wakabanana mpaka mmoja akipiga chafya wote wanafuta meza. Wanasheria wakasukuma makabati yao kwenye korido, kwa kuwa korido ni ya wote na fungu lake halimuumi mtu mmoja. Kesho yake kila idara imetoa ya kwake. Mkurugenzi, mtu mwenye tumbo lake, akakwama katikati, nikaitwa mimi. Nilimkwamua bila kumkwaruza hata kifungo.

Balaa lilikuwa chumba cha chai. Mhasibu alipouliza ni cha idara gani, kila mkuu akakiruka futi mia. Kikafungwa. Mama Birika, mjane anayetupikia chai, akabaki amesimama koridoni na birika lake kati ya makabati. Akaambiwa asubiri uamuzi. Mimi sikusubiri. Nilibeba jiko lake la umeme nikaliweka karakanani, kona ya dirishani, mbali na maranda.

Kuanzia hapo karakana ikageuka soko. Watu walikuja kunywa chai, wakakalia viti nilivyovitengeneza, wakaona hapa mtu ananyoosha miguu, wakahamishia na mikutano yao. Mauzo wanagombana upande huu, wanasheria wananong'ona upande ule, mimi katikati napiga randa. Walioniomba nipunguze kelele niliwaambia mlango wanaujua.

Lakini fungu la sakafu yote hiyo liliangukia idara yetu ya matengenezo. Mkuu wangu tunamwita Bwana Pole, maana hata akikupa mshahara anakupa pole. Akaniita akasema pole sana, Mzee Randa, mzigo umetushinda. Karakana irudishwe, viti vibovu vipelekwe kwa mafundi wa nje, na mimi nikapumzike. Mama Birika naye akapumzike. Nikamwambia nitapumzika nikifa, na hata hapo nitalikagua jeneza kwanza.

Nikamwendea mhasibu. Akasema njia ipo: kama idara nyingine zinaitumia karakana, zitabeba pamoja nasi. Zikiri tu. Akawaita wakuu wote, na kikao kikafanyika humohumo karakanani kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine. Akauliza nani anaitumia. Mkuu wa mauzo akaapa hajawahi kuikanyaga, na huku kikombe kiko mkononi, maranda yamemjaa kwenye pindo la suruali. Mwanasheria mkuu akasema yeye huwa anapita tu. Mama Birika akaguna, akamwambia haya mwanangu, basi nirudishie sukari yangu uliyokuwa ukipita nayo. Mafundi wote tukaangua kicheko.

Mhasibu hakucheka. Akasema vizuri, kama hakuna anayeitumia, hakuna atakayeumia. Ifungwe kuanzia kesho.

Ikafungwa, ila mimi na Mama Birika tukiwa ndani, mimi namalizia viti, yeye anakusanya vyombo vyake. Kabla ya adhuhuri mlango ukaanza kugongwa. Wanasheria wana mgeni, hawana pa kumkalisha. Mauzo wamegombana, hawana pa kugombania. Mkuu wao alibembeleza kupitia tundu la ufunguo apewe hata nusu kikombe, nikamjibu kuwa humu hamna mtu, aende zake. Mwisho mhasibu akaja nao wote, na mmoja mmoja wakakiri kwa sauti: kila idara itabeba fungu la karakana kadiri ya watu wake wanaoingia. Bwana Pole alisahau hata kusema pole. Alipiga vigelegele, mwanamume mzima.

Sasa, Dada, kaa kitako. Mke wangu alipofariki ulinisihi baadaye nioe tena, nami nikakwambia usinitajie habari hiyo, na miaka yote hii sijalegea. Basi sikuipigania karakana kwa ajili ya misumari. Asubuhi ile nilipomwona Mama Birika anavifunga vikombe kwenye gazeti, kimoja kimoja, niliweka randa chini. Nikajikaza nikamwambia kuwa hata kama karakana imefungwa, nyumbani kwangu kuna jiko, na kuna dirisha, na mimi nitakuwepo. Akanitazama, akauliza kama hiyo ni kazi au posa. Nikasema posa. Akacheka mpaka akajiachia kwenye kiti ambacho gundi yake haijakauka, kikafumuka, nikaruka kumdaka, tukaenda chini wote. Tulikuwa sakafuni mlango ulipogongwa mara ya kwanza. Ndiyo maana tulichelewa kuitika. Haikuwa kiburi changu peke yake.

Amekubali, lakini ana sharti. Hataki mwanamume aliyejileta mwenyewe kama kifurushi. Anataka mkubwa wangu aje aseme kwa kinywa chake kwamba mimi ni mtu wa kuaminika, na mkubwa niliyebaki naye ni wewe. Kwa hiyo umeshinda, Dada. Neno hilo nimelikata na kuliandika upya mpaka karatasi imetaka kutoboka. Njoo unisemee, na tafadhali, usianzie utotoni.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto na wajukuu, na waambie babu yao anaoa, wasicheke. Mama Birika amesimama nyuma yangu hapa, anataka kujua chai yako unaipendaje. Nimemjibu kwa uhakika kabisa kwamba unakunywa ya rangi, kali, bila sukari. Ukweli sikumbuki. Ukifika, inywe hivyohivyo na useme ni tamu.

Ndimi mdogo wako mkaidi, sasa mchumba wa mtu,

Mzee Randa