Kaka, Betri ya Gari Lako Nimenunua

Kaka yangu Njoroge,

Betri imepatikana. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote ukilitafuta. Si ile nyepesi uliyotaka niagize kutoka ng'ambo, ati ipunguze uzito wa gari. Lipunguze uzito liende wapi? Limekaa kwenye banda la ng'ombe hapa Bahati tangu uende Kanada, na uzito wake haujamsumbua mtu. Aliyesumbuka ni ng'ombe, ambaye Mama alimuuza ili wewe upate mahali pa kuliegesha.

Wewe na betri mmetoka mbali. Unaikumbuka ile ya televisheni? Kabla stima haijafika kwetu, kila Jumamosi tuliifunga kwenye keria ya baiskeli, wewe ukisukuma mbele na mimi nikiishikilia nyuma isidondoke, tukaipeleka senta kuchajiwa. Ulikuwa na kiherehere tangu zamani. Ulimwambia yule mzee wa kuchaji asiichanganye na za watu wengine, eti yetu ina tabia zake, na mzee wa watu akakusikiliza! Siku moja maji makali ya betri yalikumwagikia yakatoboa sweta ya shule. Mama akaziba mashimo kwa uzi wa kijani, sweta yenyewe ya buluu, akakuambia, "Vaa tu, Baba, hakuna atakayeona." Shule nzima iliona. Ulicheka pamoja nao, na mimi nilikupenda sana siku hiyo.

Baba. Mama alitulea peke yake, akakupa jina la babake, na hajawahi kukuita vingine. Mimi nilipewa jina la mamake, na nilikuwa Maitu, yaani mama yetu, katika nyumba hii hadi juzi juzi. Siku hizi naitwa "wewe". Wewe leta maji, wewe funga mlango. Sikulaumu kwa hilo, nakueleza tu hali ilivyo.

Uliponunua gari ulikuwa bado unafanya kazi Nairobi. Ulikuja nalo Ijumaa jioni, jekundu, fupi, limelala chini kama limechoka, viti viwili tu. Tulikuwa watu watatu. Jumapili ulimchukua Mama baada ya kanisa, ukafungua paa, mkashuka upande wa Subukia, nami nikarudi nyumbani kwa miguu na viatu vyangu vya kanisa mkononi. Sikukasirika. Nilikaa jikoni nikisikia mlio wa gari ukipotea kwenye zile kona za Subukia, nikafurahi kwamba kuna mtu anamtembeza mama yangu. Kwa miezi mingi mlienda hivyo, wikendi baada ya wikendi, na majirani wakawa wanatoka kusimama langoni kumwona mama mkulima wa viazi akipita na kitambaa kimefungwa kidevuni kama bibi harusi.

Halafu ukapata viza. Uliponikabidhi ufunguo hukuniambia nimwangalie Mama. Uliniambia, "Niwashie gari kila Jumamosi, kidogo tu, betri isife."

Nikawasha. Na macho ya Mama yakaanza kwenda. Sasa haoni kitu ila mwanga wa mlango. Anakaa kwenye kiti chake karibu na jiko, na kila Jumamosi nikizungusha ufunguo ananyanyua kichwa na kuuliza, "Amefika?" Namwambia, "Ni mimi, Mama, nawasha tu." Anasema, "Haya." Jumamosi inayofuata anauliza tena, na mara nyingine nakuta ameshajipapasia hadi kabatini na kutoa kikombe chako.

Nilikuandikia haya yote, kaka. Nilikueleza kuhusu macho, kuhusu kikombe. Baada ya siku kadhaa ulinitumia ile mikono miwili ya kuomba kwenye simu. Lakini siku niliyoandika "gari limekataa kuwaka", ulinipigia kabla sijarudisha simu mfukoni. Ulitaka picha ya betri. Ulitaka picha ya terminali, ya kushoto na ya kulia, na ya ule mpira mwembamba wa kutolea hewa. Sauti yako ilikuwa na wasiwasi wa kweli. Nilisimama bandani nikiisikiliza, nikatamani ungeutumia wasiwasi huo kwa binadamu.

Nikashuka Nakuru. Muuzaji alinitolea kwanza betri ya kawaida ya maji, kubwa, nusu bei. Nikamwonyesha picha zako.

"Ah, madam, hii inakaa kwa buti, huko nyuma? Basi achana na hii ya maji. Itatoa gesi hapo ndani, na asidi ikimwagika itakula body yote. Chukua hii ndogo, sealed, imefungwa kabisa, iko na mahali pa kuingiza hiyo pipe."

"Na hiyo nyepesi kabisa anayoitaka mwenyewe?"

"Hiyo ni ya watu wa mashindano. Hii gari inashindana na nani?"

Nilicheka hadi nikaogopa nitalia. Kisha akaniuliza iliyotangulia ilikufaje, nikamweleza ninavyowasha kila Jumamosi na kuzima. Akatikisa kichwa. "Ukiwasha na kuzima hivyo, ndio unaimaliza. Hii lazima itembezwe, madam. Hata mpaka Subukia na kurudi."

Basi jana niliifunga mwenyewe, na mpira wako nikauingiza mahali pake. Likawaka mara moja. Nikalitoa bandani, na nilipofika uani nikamkuta Mama amesimama nje, ameshika ukuta, kitambaa cha kanisa kichwani. Hakuuliza kitu. Alikuja akipapasa hadi akapata mlango, akakaa. Nilifungua kinywa nimwambie ni mimi, kisha nikamwona uso wake. Nikasema moyoni, acha kwanza apate upepo.

Tulifika kwenye zile kona. Mama alikuwa anacheka, kaka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke. Akanyoosha mkono, akaupata wangu juu ya gia, akaushika, akapitisha kidole kwenye kiganja.

"Baba," akasema, "mkono wako umekuwa mgumu hivi? Wanakufanyisha kazi gani huko?"

Ni mkono wa jembe. Ni mkono unaomwogesha na kumkatia kucha, na hakuujua. Nilishindwa kuendelea. Nikaegesha kando ya barabara, nikamwambia, "Ni mimi, Mama."

Aliutoa mkono wake, akauweka mapajani pamoja na mwenzake. Injini ilinguruma, malori yakatupita.

"Turudi basi," akasema. "Wewe, unachoma mafuta ya mwenyewe."

Sina hasira na yeye. Hasira yote ni kwako, na nimekuandikia ili uijue ilivyo, si ya kujibiwa kwa mikono ya kuomba. Tulipofika nyumbani niliifungua ile betri na kuitoa. Ni nzima, ni nzuri, imekaa chini ya kitanda changu. Siwashi tena. Jumamosi ijayo kutakuwa kimya hapa, na Mama atauliza kwa nini, na nitamwambia ukweli kwamba hakuna mtu anayekuja.

Ukinipinga, nauli unayo. Njoo uifunge kwa mikono yako, uwashe, na akinyanyua kichwa kuuliza kama umefika, umjibu mwenyewe.

Ukae salama huko kwenye baridi. Huku viazi vimeanza kutoa maua.

Dada yako,
Wambui