Kikapu cha Kahawa Chini ya Kitanda

Mjukuu wangu Mugisha,

Huku Buhembe hatujambo. Goti la bibi yako limepona. Jana alikwenda kanisani kwa miguu.

Unauliza kama nami nilificha chipu za kamari nyumbani, kama zako za kasino zilizo ndani ya soksi. Enzi za Ujamaa chipu zetu zilikuwa kahawa za kutafuna, tulizozitia alama kwa kisu. Zangu nilizificha kikapuni, chini ya kitanda. Wakwe walipotutembelea kutoka Muleba, bibi yako akakiona kikapu, akawakaribisha nacho. Wakatafuna ushindi wangu wote.

Baba mkwe akasema, “Mwanangu, kwa kahawa hii binti yetu hatalala njaa.”

Sikuwa na mbuni wa kahawa hata mmoja. Kesho yake nikapanda miche, nisimfanye mzee yule mwongo. Kahawa ninayokutumia imetoka kwenye mibuni hiyo.

Babu yako