Bamaman Balishuka na Amina Tu

Nkanka, Rusizi
tarehe 9 Juni 2024

Mupendwa Mujomba Bruno,

Pokea salamu nyingi za ku nyumba. Mugongo unasemaje? Na baridi ya Liège, umeizoea? Siye tuko bazima, batoto banasoma. Ni roho yangu tu njo inachemka, acha nikuelezee.

Unajua chama chetu cha kuuza sambaza, bale samaki badogo ba ziwa. Familia zilizokianzisha zinajiita bazee ba mwanzo. Mitumbwi ikifika asubuhi, bao njo banachagua samaki kwanza. Siye tuliokuja nyuma tunapewa zilizopondeka, na mabeseni yao tunayabeba ku kichwa mpaka Bukavu. Komite ni bao peke yao. Sheria ziko mu kichwa cha prezidante, Maman Drocella, na kila akilala anaamuka na ingine.

Nikakumbuka historia ya Roma ya zamani uliyokuwa unatufundisha ku meza: batu badogo, baplebeyi, balichoka na bakubwa, bapatrisi, bakaacha muji, bakaenda kukaa ku kilima mpaka bapewe batetezi babo. Nikasema, hata siye tunaweza. Tukapanda bote ku kilima cha juu ya ziwa, mabeseni matupu, tukaomba kitu kimoja: muntu wetu mu komite, mwenye kuweza kusema hapana. Kule chini sambaza zikaanza kunuka. Mujomba, nilifurahi!

Kumbe bazee ba mwanzo bakatuma Mzee Ndizeye, katekista, ule wa maneno matamu. Akasema tumbo linaonekana kama linakula bure, lakini njo linalisha mikono na miguu: tumbo ni bazee ba mwanzo, mikono na miguu ni siye. Weh! Ni hadithi ile ile bapatrisi balituma kule Roma! Nikapiga kelele: "Bamaman, tuombe mutetezi kwanza!" Bakajibu mzee "Amina", kama ku misa, bakaanza kushuka. Na unajua kwetu, ukishamujibu katekista Amina, kurudi nyuma ni haya. Hata Clarisse, rafiki yangu kabisa, akanyanyua beseni: "Marguerite, acha, mzee amesema vizuri."

Nikabaki kule juu peke yangu. Baroma walau balipata batetezi mbele ya kushuka! Siye tulipata nini?

Tangu siku ile sijakanyaga ku ziwa, na batoto bananiuliza tutakula nini. Drocella anasema nirudi tu, lakini nipige magoti mbele ya bote.

Nisalimie Maman Joséphine na Vénuste. Mungu akulinde huko mu baridi. Lakini nijibu mbio, wewe uliyesoma: kule Roma, kama bote balishuka na mwanamuke moja akabaki ku kilima, alifanyaje?

Mwana wa dada yako, mwenye kukupenda kila siku,

Marguerite