Koja la Maua Kwenye Feni ya Maabara

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kolhapur. Ijumaa, 27 Oktoba 2023, saa 8:20 mchana.
Jina: Vasant Sutar. Umri: miaka 56. Kazi: mhudumu wa maabara, chuo cha uhandisi. Makazi: Mangalwar Peth.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Chuo kilimshtaki mwanafunzi Ashlesha Mohite, miaka 20, kwamba ameunguza maabara kwa uzembe, na kosa hilo lingethibitika angefukuzwa. Hakuunguza yeye. Niliunguza mimi, bila kujua.

Mnamo tarehe 23 Oktoba, siku yetu ya kuheshimu zana za kazi, nilizipaka mashine zote bizari ya manjano na kuzivika maua. Koja refu kuliko yote nililivika feni inayosukuma hewa ndani ya bomba la hita. Feni hiyo fundi wa mjini alisema ni ya kutupa, mimi nikaifufua kwa mikono yangu mwezi Agosti. Nilikuwa na fahari nayo, nasema kweli. Ncha ya koja ilining'inia nyuma, feni inakovutia hewa. Kulivua kabla halijanyauka ni kukosa adabu, nikaliacha.

Tarehe 25, saa 5:00 asubuhi, Ashlesha aliwasha mtambo. Hita hupasha bomba, hewa hupita ndani, na mwanafunzi hupima joto la hewa ikiingia na ikitoka, kisha anakokotoa kiasi cha joto ilichobeba. Wingi wa hewa wanaupima mara moja tu, mwanzoni, na kipimo hicho hukitumia hadi mwisho, ndivyo walivyozoea. Saa 5:40 niliona moshi. Nilikata umeme, nikamwaga mchanga. Meza iliungua, lakini hakuna aliyeumia.

Jana saa 9:00 alasiri nilipeleka chai ofisini kwa Profesa Karambelkar, mkuu wa maabara. Alikuwa anamhoji Ashlesha. Alidai binti alizima feni, akaenda kupiga soga, kisha akabuni namba.

"Hita yako ni wati mia mbili," alisema. "Hesabu yako ya mwisho inasema hewa imebeba mia tano na arobaini. Nyingine umezitoa wapi, kwa shangazi yako?"

"Profesa, mwanzoni ilibeba mia na themanini, na hita sikuigusa. Kama joto la hewa sasa linapanda mara tatu ya mwanzoni, basi hewa yenyewe imepungua, imebaki theluthi. Na ningezima feni, nisingepata hata hiyo theluthi."

"Imepungua ikaenda wapi? Likizo?"

Ashlesha alianza kulia. Mimi nilikumbuka ncha ya koja, nikajua hewa ilikwenda wapi.

Maua ya ibada hatuyatupi jalalani. Baada ya moto niliyaokota nyuma ya feni bila kuyatazama, nikayatia kwenye mfuko, nikautundika nyumbani hadi nitakapokwenda kuyatosa mto Panchganga. Jana jioni niliufungua. Koja limebanwa bapa kama chapati, na limechorwa duara la wavu wa feni: feni ililivuta, likaziba njia ya hewa, na hita ikakosa cha kuipoza.

Mke wangu alisema, "Watakufukuza, baba Rohit."

Nikamwambia, "Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Yule mtoto hata hajaanza."

Usiku ule niliogopa sana. Leo saa 3:00 asubuhi nilimletea afande mfuko huo hapa. Tulikwenda naye maabara, tukaliweka koja juu ya wavu, likakaa barabara. Profesa alitoa kalamu, akarudia hesabu kwa theluthi ya hewa. Ikatoka mia na themanini.

"Msichana yuko sahihi," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe Vasant, miaka thelathini unanipigia kelele za nati zilizolegea, feni ukaiziba pua."

"Nimekosa, Profesa."

"Umekosa. Kaandike maelezo, halafu urudi kazini."

Ashlesha alikuwa mlangoni na baba yake. Alinigusa miguu kwa heshima, kisha akasema, "Mjomba, mwakani koja refu kalivike mashine ya kukereza. Ile haipumui." Nilicheka. Tangu Jumatano nilikuwa sijacheka, na sasa kifua changu ni chepesi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: V. Sutar

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Mkaguzi Msaidizi S. Nimbalkar. Chuo kimefuta malalamiko saa 7:15 mchana. Koja limepigwa picha. Shahidi aliomba arudishiwe maua ayapeleke mtoni kabla jua halijazama. Amerudishiwa.