Kisu cha Mkate Nimeondoka Nacho

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Mkate nimeukata wote, maana kisu nimeondoka nacho. Koleo pia, na mkasi wa bustani. Msihangaike kutafuta.

Asubuhi nimekukuta sebuleni umenyoosha mguu juu ya stuli, Mjomba kapiga magoti anakata plasta, nawe unamwelekeza: "Hapo hapo, shemeji, taratibu!" Eti mfupa umeshaunga kwa kuwa maumivu yamekwisha. Mjomba kaigonga plasta kwa kijiko, akasikiliza kama fundi redio, akatangaza umepona. Ndiye huyo huyo aliyekushikia ngazi ukipaka rangi dari, simu yake ikaita, akaiachia ngazi apokee!

Daktari alisema mfupa ukisogea, watauvunja upya ndipo waupange. Kukaa tu kunakushinda. Kuvunjwa mara ya pili utakuweza?

~~Mjomba asikanyage hapa tena.~~ Mjomba aje, ila mikono mitupu.

Mguu uweke juu ya mto. Vidole vikivimba au vikifa ganzi, nipigie hata kama niko kazini.

Nilipiga kelele, ndiyo. Niliogopa. Sina baba wa akiba.

Binti yako